Mwendo wa Cherehani

Waliniagiza miili mitatu.
Vijana wa Msalaba Mwekundu, hapa Ndosho,
walileta magunia, sponji la godoro kuukuu
na chupa tupu za maji.
"Mama Kahindo, tushonee mtu mzima,
tushonee mtoto, na kitoto kichanga.
Chupa iweke kifuani.
Ikilia, tutajua mkono umefika."

Nikashona. Mkubwa nikampa shingo inayoinamika,
wa kati nikamvalisha kaptula ya shule
ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua,
mdogo alitoka kwenye kipande cha kitenge,
mzito kama kilo tatu za maharagwe.
Pesa zangu hawakumaliza kulipa.
Nikakaa nyuma ya darasa lao,
nikiokota nyuzi, masikio wazi.

Muite. Mguse bega. Tazama kifua, si macho.
Piga kelele watu waje.
Halafu kisigino cha kiganja, katikati,
mikono miwili, viwiko visikunjwe,
sukuma, achia, sukuma, achia.
Kijana akatupigia makofi ya mwendo,
akapotea, akaanza upya.
Nikacheka. Mwendo huo naujua:
ni mguu wangu kwenye kanyagio
nikishona kiuno cha suruali
na mteja amesimama mlangoni.

Wa kwanza kuniita alikuwa Mzee Bahizi, mchonga chukudu,
aliyeangukia gurudumu ambalo hakulimaliza.
Mikono miwili. Kifua chake kikalia:
mbavu, jamani, hulia sawasawa na plastiki.
Nilitaka kuacha. Mguu ndio ulikataa,
ukakanyaga vumbi jeusi,
thelathini, pumzi mbili,
thelathini, pumzi mbili.
Motari mmoja akanipokea nilipochoka,
nami nikampokea yeye,
mpaka binti wa mzee akasema, mama, inatosha.
Ilitosha.
Gurudumu lile liko kwangu.
Hakuna aliyejua liliagizwa na nani.

Wa pili ni Asifiwe wa Mama Masika, miaka sita,
aliyefuata mpira kwenye shimo nyuma ya Mugunga,
penye mazuku, hewa isiyo na harufu,
ambayo kuku huingia na kulala.
Baba yake alikwishavua viatu ateremke.
Nikamkamata shati, nikasikia likichanika:
Tazama mahali kabla ya mtu!
Ukiingia mtakuwa wawili.
Ukaletwa mti mrefu wa kuangulia maparachichi,
ndoana yake ikanasa kiuno cha kaptula,
wakamburuta juu ya mawe ya volkeno
mpaka penye upepo.
Mshono ulishika. Niliushona mimi.

Kwa mtoto, pumzi kwanza: tano, nyembamba,
kama napuliza pasi ya makala
nisirushe majivu kwenye nguo ya mtu.
Kisha mkono mmoja tu.
Cherehani ile ile, mguu ule ule,
kitambaa ndicho chepesi.
Mzunguko wa nne, labda wa tano,
hesabu ilinitoka,
akakohoa, akatapika, akalia mpira wake.
Mpira uko kule hadi leo.

Wa tatu bado hajaniita.
Naomba asilijue jina langu.
Vijana walipohamia Sake na wale wakubwa wawili,
waliniachia mdogo, rehani ya deni.
Usiku, umeme ukikatika,
namlaza kwenye meza ya kukatia,
kichwa sawa, kisisukumwe nyuma kama cha mkubwa.
Mdomo wangu unafunika mdomo na pua pamoja,
pumzi ya mashavu, si ya mapafu.
Vidole viwili, chini kidogo ya mstari wa chuchu
ambao niliuchora kwa chaki ya kukatia,
na chini ya meza, gizani,
mguu unakanyaga kanyagio ambalo halipo.