Tanbihi ya Tatu

Kazi yangu ni kufuta na kubandika.
Kila Agosti, mvua ya Valdivia ikigonga mabati
kama mdai aliyechoka kusubiri,
idara huniletea fomu zao:
somo hili lifutwe, lile liunganishwe,
la lazima liwe la hiari, la hiari lizikwe.
Nasoma, nagonga muhuri, napeleka Seneti.
Seneti hupitisha kabla kahawa haijapoa.

Hapa kwetu orodha ya masomo ya shahada
huitwa malla, yaani wavu.
Miaka kumi na tisa naushona,
na hakuna aliyewahi kuniuliza
matundu yake humdondosha nani.

Kisha akaja Nibaldo Oyarzo,
Jumanne, saa sita kasorobo,
koti linanuka moshi wa kuchomelea vyuma,
viatu vikiacha vidimbwi viwili mbele ya dirisha langu.
Akatoa transkripti iliyokunjwa mara nne
hadi mikunjo imekula majina ya walimu.
"Nilibakiza somo moja," akasema. "Mwaka elfu mbili na tatu.
Baba alianguka karakana ya meli,
nikaenda kumshikia nafasi wiki mbili."
Wiki mbili zikazaa miaka ishirini na moja.

Somo lenyewe: MCH 214,
Uchoraji wa Mashine kwa Mkono.
Nikaandika nambari. Kompyuta ikajibu: Halipo.
Si "limefungwa", si "limehamishwa".
Halipo.

Mwongozo mpya unamtaka aanze upya:
masomo kumi na saba, Kiingereza ngazi ya tatu,
na moja liitwalo Utangulizi wa Maisha ya Chuo,
ambalo binti yake, kitivo hichohicho,
alilipita mwaka jana kwa sita nukta nane.

Nilimwambia arudi Ijumaa.
Sikumwahidi. Ahadi ni deni,
na ofisi yetu haina fungu hilo.

Jioni nikashuka ghala la majalada
(panya wameanza na Kitivo cha Sheria).
Mwongozo wa 2004, wa 2007, wa 2013, wa 2019,
kila mmoja umejiita wa kudumu.
Na pale, kumbukumbu za kikao cha Machi 2007,
chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo kama ufuta:
Aliyesajiliwa kabla ya tarehe hii
atahitimu kwa masharti aliyoyakuta.

Aliyoyakuta.
Nikaketi juu ya boksi, tochi mdomoni.
Nani alilisukuma neno hili hadi likaingia?
Hakuna saini. Labda karani.

Sheria ipo, mwalimu je?
Nikampigia Bi Ismenia Vogt, mstaafu, miaka sabini na tisa.
"Macho yameniacha kidogo," akasema,
"lakini rula-T yangu ipo nyuma ya kabati."

Jumamosi sita, darasa la mtu mmoja,
chumba cha mikutano, hita ya parafini,
vidole vilivyozoea moto vikijifunza upya
jinsi penseli inavyotaka kushikwa.
Nikipita mlangoni nilisikia:
"Mstari hauombi radhi, Oyarzo. Chora."

Akapata sita nukta moja.
Mfumo ukaikataa alama mara nne.
Nikamwita kijana wa kompyuta; akauliza
kwa nini mzee huyu asichukue tu Kiingereza.
Nikamtazama mpaka akaanza kuandika.

Leo asubuhi kuna fomu nyingine mezani,
pendekezo la arobaini na mbili:
Tanbihi ya tatu iondolewe,
kwa kuwa haimhusu mtu yeyote tena.
Kule soko la samaki simba-bahari wanabweka,
wanadai vichwa vya samaki kama haki ya kisheria.

Sijagonga muhuri.
Pembeni nimeandika: Inamhusu.
Na kwa pini nimeambatisha
mchoro wa gurudumu lenye meno thelathini na mawili,
yote yamehesabiwa, yote kwa mkono,
jino moja limefutwa kidogo, likachorwa tena.