Kahawa Iliyorudishwa

Baba amekuja na basi la asubuhi kutoka Mbozi,
kiroba hakijajaa hata robo, kakifunga kwa kamba ya mgomba.
"Hizi wamezirudisha," anasema, akikitua mlangoni.
"Karani kasema zina madoa. Nikaona nikuletee wewe,
wewe hukagui."

Ni Oktoba, Ilomba. Vumbi limefika hadi kwenye nyanya za genge.
Loleza umejifunika moshi wa mashamba yanayochomwa
na mvua bado inasemwa tu,
kama deni la mtu mwingine.

Nazitwanga kwenye kinu cha Mama Sekela.
Maganda yanapaa, ungo unayafukuza,
inabaki buni ya kijani-kijivu, nyingine imetobolewa na mdudu,
tundu dogo tu, kama sikio lililotogwa.
Naikaanga kwenye chungu, mwiko hautulii.
Mlio wa kwanza: ta. Ta-ta.
Baba anageuza shingo.
Miaka arobaini analima kahawa
na hajawahi kuisikia ikilia.

Kwake hunywewa chai. Ya Rungwe, maziwa, sukari vijiko vitatu.
Kahawa ilikuwa ada ya shule,
ilikuwa mama kulazwa Vwawa siku kumi na mbili,
ilikuwa bati la paa.
Nani anakunywa bati?

Naisaga, naichemsha nzito, nachuja kwa kitambaa cheupe
ambacho hakitakuwa cheupe tena.
Asali ya Chunya naikoroga humo humo ingali moto,
maana asali ikishakutana na baridi haisikilizi mtu.
Sufuria naikalisha kwenye beseni la maji ya bomba;
maji yetu haya hayahitaji kufundishwa ubaridi.
Kisha namtuma Lusekelo kwa jirani anayeuza barafu za ukwaju:
"Mwambie za maji matupu. Zisizo na rangi."
"Mgeni anaumwa homa?" jirani anauliza kupitia ukuta.
Mbeya, ukitaka barafu, lazima ujieleze.

Bilauri ndefu, iliyobaki kati ya mbili za harusi.
Barafu kwanza, inagonga kioo.
Halafu maji ya gesi, nusu, yanafoka, yananong'ona.
Mwisho kahawa, polepole, kwenye mgongo wa kijiko.
Ukitanguliza kahawa, povu litakushinda hadi mezani;
nilijifunza Jumapili iliyopita
kwa kitambaa nilichopewa na mawifi.
Kipande cha limao. Basi.
Kahawa inateremka ndani ya maji
kama moshi uliokosea njia.

Baba anaiinua kwenye mwanga wa dirisha,
anafinya jicho moja,
bila shaka hivyo hivyo karani alivyozitazama zake.
"Inachemka," anasema. "Na ni ya baridi."

Anakunywa.
Sharubu zinachukua povu. Macho yanafumba.
Nje bajaji inapiga honi, inanyamaza, inapiga tena.
Kisha anapiga mbweu, mbweu ndefu, ya mtu aliyelipwa,
na kujiziba mdomo kama mtoto kanisani.
Lusekelo yuko sakafuni, anacheka hadi kwikwi.

"Ina uchachu," baba anasema, kana kwamba hakuna kilichotokea.
"Kama tunda lenyewe, lile jekundu.
Utotoni tulikuwa tunalifyonza, tunatema mbegu.
Tulidhani utamu ndio umeisha pale."

Anakunywa tena.
"Huko hotelini, bilauri hii shilingi ngapi?"

Namwambia.

Hajibu. Kidole kinahesabu juu ya goti:
kilo moja, bilauri ngapi, gunia, msimu,
kinafika mahali, kinasimama.
Anatafuna kipande cha barafu. Nasikia kinavyovunjika.

"Na hii ndiyo iliyorudishwa," anasema.

Anaisukuma bilauri upande wangu.
"Weka tena. Hiyo gesi usiionee huruma."