Herufi E

Saa nne usiku, Zimmerman, orofa ya tano.
Tokeni ya stima imebaki uniti mbili na nukta tatu.
Kompyuta nimeilaza juu ya ubao wa kupigia pasi,
maana meza ilitangulia kuuzwa, Jumanne.
Inaniuliza kwa adabu ya karani:
kubakiza faili zako, au kuondoa kila kitu?

Karani hajui anachouliza.

Miaka sita nimekuwa mwanafunzi wa vyuo nisivyovijua.
Nimesomea uuguzi Ohio, nimesomea sheria Leeds,
nimemlilia mbwa wa kijana mmoja wa Perth,
kurasa nne, nafasi mbili kati ya mistari,
zifike kabla ya alfajiri yake, ambayo ni usiku wangu wa manane.
Wote wamehitimu. Joho sikuvaa hata moja.
Siku hizi kazi hiyo inafanywa na mashine isiyokunywa chai,
na kodi ya nyumba haijapata habari hizo.

Nikabonyeza: kuondoa kila kitu.
Una hakika?
Nilipoacha kazi ya kaunti hakuna aliyeniuliza mara mbili.

Vilivyo vyangu nilikwisha kuvihamisha,
kwenye flashi ya mia nne ya Luthuli:
cheti cha kuzaliwa, picha za Karambu na pengo lake,
na faili moja, ya pekee niliyoiandika kwa Kiswahili,
wasifu wa baba, niliousoma Lang'ata
wenzake wa reli wakiwa wameshika kofia zao tumboni.

Asilimia tatu. Tisa.
Feni inahema kama mtu anayepandisha mtungi wa maji ngazini.
Jirani anakaanga vitunguu saa hizi.
Thelathini na moja, ikakwama hapo,
nami nikakaa nayo kama unavyokaa na mgonjwa
mkiwa mmemaliza ya kuambiana.
Uniti moja, kasoro.
Nikazima taa, umeme wote uwe wake.

Ilipoamka ilikuwa buluu, changamfu, haina deni na mtu.
Karibu, ikaniambia. Tuanze. Uko nchi gani?
Mimi, niliyeipakata miaka sita,
naulizwa niko nchi gani.

Asubuhi, kwenye saiba ya chini, nikachomeka flashi.
Cheti kipo. Pengo la Karambu lipo.
Wasifu wa baba una kishale kidogo pembeni:
nilikuwa nimenakili njia ya mkato tu,
kibao kinachosema nyumba iko kule,
na kule nimeshabomoa.
Kijana wa saiba akasema pole
kama alivyomwambia aliyenitangulia kwenye foleni.
Kichwani imebaki sentensi moja:
Baba alijua saa ya kila garimoshi, isipokuwa lake.
Kabla yake kulikuwa na nini? Baada yake watu walicheka,
au walikohoa.

Nanjala alikuja saa saba na kaka yake wa kukagua.
Wakaitikisa, wakainusa, wakahesabu matundu.
Kumi na nne. Kumi na mbili.
Tukakutana kumi na tatu.
Ameitwa chuo, Thika.
Nikauliza kozi gani. Uuguzi, akasema.
Nikanyamaza. Nina alama nzuri sana za uuguzi.

Akapitisha kidole juu ya vitufe.
"Na hii E, ilienda wapi?"
Imelika, nikamwambia. Ni Kiingereza cha watu.
Akainama kuitazama A:
bado ina miguu yake yote miwili.

Akaandika jina lake kuijaribu,
A tatu kwa pumzi moja, tak, tak, tak.
Simu yangu ikatetemeka mfukoni: pesa imeingia.
Nilipoinua macho alikuwa bado anaandika,
kitu kirefu, kaka yake akimwambia twende,
na kioo kilikuwa kimeelekea kwake.