Glavu za Kufungulia Friji

Miaka ishirini na sita niliogelea Kallavesi
kwenye tundu la barafu, kila Jumamosi,
nikitoka mwekundu, nikicheka.
Leo navaa glavu za sufu kuchukua maziwa kwenye friji.

Taisto hutabasamu, kisha hukumbuka, hunyamaza.
Kijiko cha chuma kinaniwasha kama upupu wa umeme;
kaninunulia cha mti, cha mtoto,
chenye sungura kwenye mpini.

Dawa i kiunoni, kichupa kinachonywea polepole
siku mbili, usiku na mchana. Nikigeuka kitandani
nakiomba radhi kama mgeni niliyemlalia.

Utumbo walikata shubiri moja na nusu. Huo hauniumi.
Kinachouma ni kahawa: ina ladha ya sarafu.
Ni vifungo vya koti.
Ni choo, mara saba kabla hakujapambazuka,
na Taisto nyuma ya mlango: "Bado upo?"
Nipo, namjibu. Nimekaa.

Muuguzi alisema, andika yote, Irmeli, usione haya.
Nikaandika: nyayo zimekufa ganzi. Vidonda mdomoni. Kuhara.
Na chini kabisa, kwa mwandiko wa makucha ya kuku:
maji ya uvuguvugu, nusu glasi,
yamekaa.