Pua ya Bati

Gari liliingia gereji Novemba, Ziwa Erie likipuliza
baridi ya kukata masikio, hapa Lorain, Ohio.
La mwaka sitini na tisa, rangi ya chungwa lililochacha,
na katikati ya boneti pua: pana, imetuna,
kama ya mtu aliyenusa harufu ya ugomvi.

Nyumba njema si mlango, nikajisemea. Nikafungua.
Chini ya pua, bati zima. Hakuna tundu
hata la kupitisha sindano.
Miaka hamsini pua inajigamba barabarani,
na injini chini yake inavuta joto lake yenyewe,
inameza pumzi iliyokwisha kutumika,
kama watu kumi chumba kimoja, dirisha limepigwa misumari.

Mwenyewe ni Bi Arlene Kosciak, miaka sabini na minne,
alichomelea vyuma kiwanda cha meli hadi kilipofungwa.
Marehemu mumewe alilipenda hivyo hivyo, kwa sura.
"Mimi sikuwahi," akasema. "Litoboe."

Nikapima mara tatu. Bati halina msamaha:
ukishakata, umekata.
Msumeno ukalia, cheche zikaruka hadi kwenye kalenda.
Nikaunda sahani juu ya kabureta,
nikaizungushia mpira mnene, ili boneti ikishuka
midomo ikutane, joto lisipate upenyo wa kudokoa.
Kisha kikope kidogo cha chuma:
ukikanyaga mafuta mpaka chini, kinafumbuka,
ukitulia kinafumba, mvua isiingie kooni.

Tukatoka alfajiri, barabara ya ziwani, tupu.
Akakanyaga.
Sikukiona kikope. Nilikisikia:
kwanza mluzi, kisha mvumo mzito,
kama aliyezama akaibuka
na kuvuta pumzi ya kwanza kwa mdomo wazi.
Hewa baridi imeshiba; mafuta yakapata mwenzake,
mgongo wangu ukashikamana na kiti.

Si miujiza. Kwa robo maili, saa ilisema
tumeokoa muda wa kupepesa jicho.
Bi Arlene akacheka mpaka akakohoa.
"Huo huo," akasema. "Nimeungoja tangu sabini na moja."

Tulipozima, chuma kilikuwa kikilia tik, tik, kikipoa.
Akalitazama shati langu, kifuani palipodariziwa Barry.
"Na hapa? Chini yake kuna nini?"
Nikamwambia: Mbarouk.
Akajaribu mara mbili, akakosea zote mbili.
Ya tatu ikapita.