Duara Tupu

Mto huu una majina matatu na mwili mmoja.
Bara wanauita Athi, nyikani Galana,
na hapa kwetu, unapokaribia kuchoka, Sabaki.
Mimi nimepewa kazi ya kuwaandikia samaki wake anwani.

Ramani iko mezani, Malindi, nyuma ya duka la vipuri,
imebanwa pembe nne: kikombe, rula,
chupa ya fomalini, simu iliyokata chaji.
Kila samaki nukta. Kila nukta na tarehe yake,
kina cha maji, joto la maji, tundu la wavu.
Perege nimempa kijani, kambare nyeusi,
na ningu, kwa kukosa kalamu nyingine,
nimempa wino mwekundu wa mke wangu
anaosahihishia hesabu za darasa la sita.
Ukitazama haraka utadhani ningu wote wamekosea.

Anayeingia majini ni Thoya.
Mimi hubaki ukingoni na daftari
nikiogopa mamba kwa niaba yetu sote.
"Umemshika wapi?"
"Hapa."
"Hapa wapi?"
"Hapa nilipokanyaga."
Kifaa kinasema nyuzi tatu kusini mwa ikweta
na tarakimu sita mbele ya desimali,
na Thoya amekwisha kusogea hatua mbili, anacheka.

Jilore, ziwa lilikuwa limekauka hadi kupasuka.
Tulichimba kwa jembe la kuazima
tukamtoa kamongo akiwa amejikunja tumboni mwa tope,
mzima, amekasirika.
Safu ya "kina cha maji" nikaandika sifuri.

Kisha Chakama.
Tulitandaza ramani juu ya boneti ya gari, bado ya moto,
na Nyevu wa Hinzano, aliyekuwa akipita na ndoo,
akaitua, akaegemeza kiwiko juu ya nyika nzima.
"Hapa peupe," akauliza, "hakuna samaki
au hamkuwapo nyinyi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na stashahada.

"Panaitwa Kwa Mikunga," akasema.
"Mimi ni mkunga, nimezalisha nusu ya kijiji hiki,
lakini jina si letu sisi wakunga.
Ni la wale warefu, wa utelezi,
baba alikuwa akiwabeba begani kama kamba ya ng'ombe."

Tulilala pale siku mbili.
Wavu ulileta kandambili ya mguu wa kushoto,
perege watatu wa urefu wa kidole,
na mchanga, ule uliosazwa na malori.
Jina limebaki limesimama
kama kibao cha duka lililofungwa.

Sikutia nukta. Sikupaacha peupe.
Nilichora duara, ndani yake sikuweka kitu.
Ofisi ya Nairobi ikauliza: alama hii haimo kwenye orodha, maana yake nini?
Nikajibu: Tulifika. Hatukumwona.
Hatujasema hayupo.

Hawajajibu mpaka leo.

Usiku wa mwisho tulikuwa chini ya daraja la Sabaki,
bahari inasukuma, mto unasukuma,
maji yana rangi ya chai ya maziwa ya bara.
Thoya akainua kichujio, akasema hamna kitu.
Kisha hamna kitu kikajinyonga.

Kidogo, chembamba, bila rangi,
macho mawili kama nukta mbili
zilizochorwa na mtu mwenye haraka.
Mtoto wa mkunga, katoka baharini.
Nikamlaza juu ya rula iliyolowa
na sikuhitaji kumsogeza ili nisome:
mistari yote ilionekana kupitia mwili wake.
Sentimita sita.

"Unamwandika wapi huyu?" Thoya akauliza.
Hapa anapita tu.
Alikotoka si kwenye ramani yangu,
na anakokwenda nimechora duara.

Kalamu ikakauka mkononi.
Thoya akachukua bakuli,
akavuka wavu kwa miguu, maji kifuani,
akammimina upande wa juu.