Kodi na Kodi

Kukopa harusi, husema watu.
Harusi yangu ilianza na fomu ya kurasa kumi na nne
katika benki ya Buffalo, theluji ikigonga vioo,
mbele ya Bwana Prentiss, tai rangi ya nyanya,
aliyeuliza mshahara wangu mara mbili
kana kwamba mara ya kwanza nilikohoa.
"Unaendesha gari la kukwangua theluji. Na kiangazi je?"
Kiangazi naziba mashimo barabarani.
Akaandika.
Nyumba ya kupangisha, akasema, si nyumba ya kulala:
robo ya bei mkononi, riba juu kidogo,
na akiba ya miezi sita isiyoguswa.
Robo ya bei! Nilikuwa na robo ya robo,
na chenji katika kopo la kahawa.

Nikaenda kwa Deluca, nyuma ya duka la matairi.
Huyo haulizi mshahara. Huuliza anwani.
Fedha kesho asubuhi, asilimia kumi na tatu,
miezi tisa, na ukichelewa
nyumba inaijua njia ya kwenda kwake.
Alinimiminia chai. Sikuinywa:
cha bure ndicho cha kwanza kudaiwa.

Shemeji yangu Wendell alitaka ubia, nusu kwa nusu:
nusu yake faida,
nusu yangu vyoo vilivyoziba.

Usiku nikaitazama dari yangu mwenyewe,
niliyoilipia miaka kumi na tisa.
Nikiweka rehani paa hili ninunue lile
nitakuwa na mapaa mawili
na usingizi hata lepe.

Ndipo mwenye nyumba akanipigia mwenyewe,
Halina Gorczyca, miaka themanini na moja,
sauti kama mlango wa jiko kuukuu.
"Njoo. Waache hao wenye tai."
Meza ya jikoni, kalenda ya muuza nyama ukutani.
Akachora hesabu nyuma ya bili ya gesi:
kianzio hiki, baki hii,
asilimia tano, kila tarehe mosi, miaka kumi.
"Benki ni mimi," akasema, akinyoosha aproni.
Miaka kumi, Bi Halina?
"Lazima niwe hai nikudai.
Deni ni sababu nzuri ya kuamka."

Kisha, bila kunitazama, masharti mawili.
Mpangaji wa juu asiguswe: Aurel, fundi saa mstaafu,
ambaye kodi yake haijapanda tangu nikiwa shule.
Na hundi isije kwa posta.
"Nahamia kwa binti yangu. Nitakuja kuichukua hapa."

Nikapiga hesabu kimoyomoyo.
Kodi ninayopokea, kodi ninayolipa jiji,
neno moja, mifuko miwili;
toa bima, toa maji, toa rejesho lake:
pungufu dola arobaini na moja kila mwezi.
Prentiss angefunga faili.
Juu yetu nyayo zikatembea, polepole,
kutoka dirishani hadi kitandani na kurudi.
Halina akasimamisha kijiko kikombeni
mpaka zilipotulia.
Nikatia sahihi.

Februari, saa nane usiku, boila ikafa.
Baridi ya kupasua chupa.
Nilikuja na gari la kazi, taa za njano zikizunguka,
Aurel akanifungulia, koti juu ya koti,
akiomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyeivunja.
Dola elfu tatu na mia mbili.
Kulipa matanga, husema watu,
nami nikakaa ngazini nikimsubiri fundi,
nikiwaza chai ya Deluca.

Leo tarehe mosi Machi.
Halina ameshuka basi, amepaka rangi ya mdomo
iliyovuka kidogo mpaka wake.
Hundi haisomi. Anaikunja mara mbili,
anashika kingo ya ngazi, ile niliyoikaza
kabla ya kitu kingine chochote,
na kupanda.
Mimi niko chini na bisibisi,
juu ya kichwa changu nyayo za watu wawili.
Yamebaki marejesho mia moja na kumi na saba.